Kipimo cha Arobaini na Moja

Ni kitu gani kilichokuwa kikichakacha ndani ya ule ukimya?

Kwa wiki sita nililibeba swali hilo bila jibu. Kila siku lilinikuta mahali pale pale: nimesimama sebuleni kwa baba mkubwa, viola begani, upinde nimeuinua kidogo juu ya nyuzi, nikisubiri. Yeye alikuwa ameketi mbele ya piano, mgongo wima, mikono ikielea juu ya vibao kama mikono ya mtu anayeota moto. Kisha ukaja mchakacho mwepesi, mkavu, wa kitu kinachojigeuza upande. Ulipopita, mikono yake ilishuka, piano ikaanza kuzungumza, nami nikaifuata. Nilikwisha kufunga madirisha. Nilikwisha kuchungulia nyuma ya kabati na chini ya kochi kutafuta panya. Siku moja nilithubutu kumuuliza kama naye ameusikia.

"Nimesikia nini?" alisema.

"Kama karatasi hivi."

"Mimi nimesikia umechelewa kuvuta pumzi," alijibu. "Turudie."

Baba mkubwa ni mume wa dada yake mama, na dada huyo, mama mkubwa, alifariki miaka tisa iliyopita, mimi nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama mkubwa alipiga viola, mumewe alipiga piano, nao kwa miaka ishirini na miwili walizunguka katika kumbi za shule, makanisa na hata wodi za hospitali, wakiwapigia watu muziki ambao wengi hawakuwa wameuomba, lakini walibaki hadi mwisho. Mtaani waliitwa Sufuria na Mfuniko. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake ni yupi aliyekuwa mfuniko. Viola nilirithi mimi. Watu wasiokijua chombo hiki huniuliza kama ni fidla iliyonenepa, nami huwajibu kwamba ni fidla iliyokua ikaacha kulialia. Sauti yake iko chini kidogo, pale ambapo mtu huzungumzia anapokuwa amechoka kudanganya.

Pamoja na viola nilirithi karatasi zake, na kati ya karatasi hizo ilikuwamo sonata waliyoipiga kuliko muziki mwingine wowote. Ni sonata ya viola na piano, yenye sehemu tatu, na ndani yake hakuna anayemsindikiza mwenzake. Wote wawili husema na wote wawili husikiliza. Sehemu ya pili huenda polepole sana. Wanamuziki huhesabu muziki kwa vipimo, kama msomaji anavyohesabu mistari ya ukurasa, na katika kipimo cha arobaini na moja cha sehemu hiyo mtunzi ameweka pumziko dogo, hesabu moja tu. Juu ya pumziko hilo, kwa penseli, mama mkubwa alikuwa ameandika neno moja na kuliwekea nukta.

Subiri.

Nao walikuwa wakisubiri. Hawakusubiri hesabu moja bali saba. Watu waliowahi kuwasikia walisahau sehemu ya kwanza, walisahau ya tatu, lakini ukimya ule waliusimulia kana kwamba ni mahali walipowahi kuishi. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni niliandika insha ya kurasa kumi na nne juu yake. Nilisema kwamba mpiga viola mkubwa ni yule anayediriki kusikia kile ambacho mtunzi mwenyewe aliogopa kukiandika. Nilipata alama za juu, na niliamini kila neno.

Ndiyo maana, mtihani wangu wa mwisho wa kupiga mbele ya jopo ulipokaribia, sikufikiria muziki mwingine. Nilikwenda kwa baba mkubwa nikamwomba anipigie piano. Hakuwa amegusa vibao mbele ya mtu tangu siku ya mazishi.

"Ile sonata?" aliuliza.

"Ile ile."

Macho yake yalikuwa yameshaingiwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji, na karatasi za muziki hakuweza kuzisoma tena. Lakini sonata hiyo ilikuwa mikononi mwake, si machoni. "Una karatasi zake?" alisema hatimaye. Nilipoitikia, alinyanyuka na kuanza kupapasa mfuniko wa piano.

Tulifanya mazoezi saa saba mchana, wakati mafundi wa kuchomelea vyuma wa nyumba ya jirani walipozima mashine na kwenda kula. Tulikuwa na saa moja na nusu. Kwa kuwa hakuniona, hatukuweza kuongozana kwa ishara ya kichwa kama wafanyavyo wapigaji wengine wawili wawili. Ilinibidi nivute pumzi kwa sauti ili ajue nataka kuingia. Nilipumua naye akapiga. Kwa namna hiyo tuliwasiliana vizuri kuliko nilivyowahi kuwasiliana na mtu yeyote mwenye macho.

Marekebisho yake yote yalianza na neno moja. "Yeye alikuwa anaingia hapo polepole zaidi." "Yeye upinde ulikuwa haumkwaruzi." "Yeye." Mwanzoni nilifurahi. Nilijiona kama mtu anayefundishwa njia ya kwao. Nilikunja kidole cha mwisho kwenye upinde kama ambavyo alisema kilikunjwa. Niliinamisha kidevu upande ambao kibao cha viola kilikuwa kimelika kwa kidevu chake. Wiki ya tatu sikuhitaji tena kukumbushwa. Mkono ulikwenda wenyewe.

Katika ukimya wa kipimo cha arobaini na moja, baba mkubwa alikuwa na desturi ya kuinua uso wake kutoka kwenye piano na kutazama upande wangu. Nilidhani ananitazama mimi. Siku moja niligundua kwamba macho yale meupe hayakuwa usoni pangu. Yalitua shubiri moja juu ya kichwa changu, yakatulia hapo kwa utulivu wa mtu anayejua anachokiona. Mama mkubwa alikuwa mrefu kuliko mimi kwa shubiri moja.

Sikugeuka kutazama nyuma. Ningependa kusema ni kwa sababu sikuogopa.

Siku iliyofuata, katikati ya sehemu ya tatu, alisimamisha mikono. "Bibiye, hapo umekimbia," alisema. "Tuanze tena."

Bibiye lilikuwa jina alilomwita mkewe. Hakujua kwamba amelisema. Lakini kilichonitia ubaridi si yeye. Ni mimi, ambaye niliinua upinde bila kusita na kujibu, "Haya."

*

Mhadhiri wangu ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, ambaye humsikiliza mwanafunzi akiwa amefumba macho na kushika kikombe cha chai asichokinywa. Nilimpigia sehemu ya pili peke yangu, bila piano, ikiwa zimebaki siku kumi na mbili. Nilipofika penye ukimya nikasubiri hesabu zangu saba, na hapo ofisini kwake, ghorofa ya tatu, mbali na sebule ya baba mkubwa, mchakacho ukaja.

Nilipomaliza hakufumbua macho mara moja. "Unapiga vizuri sana," alisema. "Ni nani?"

"Nani yupi, mwalimu?"

"Anayepiga."

Nilidhani anatania. Alifumbua macho, na hakuwa akitania. "Nilimsikia shangazi yako mara mbili."

"Mama mkubwa."

"Mama mkubwa wako. Namjua. Mimi leo nilikuja kumsikiliza mwanafunzi wangu, nimekaa hapa dakika nane, hajafika." Aliweka kikombe mezani. "Na huo ukimya wote, una sababu gani?"

"Umeandikwa kwenye karatasi zake."

"Nimekuuliza sababu, wewe umenipa anwani." Alinitazama bila ukali. "Kila mtahiniwa hupewa nafasi ya kueleza uamuzi wake kabla hajaanza kupiga. Wakikuuliza swali hili hili utawaambia nini? Kwamba marehemu alitaka?"

Nilishuka ngazi na sanduku la viola mgongoni, nikahisi uzito wake kwa mara ya kwanza, kama mtoto aliyelala anavyozidi uzito kuliko aliye macho.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu. Nilitaka kumwambia, lakini yeye alinitangulia. Alikwisha kuomba ruhusa kazini, alikwisha kuchagua gauni. "Nitakuja na leso mbili," alisema. "Moja yangu, moja ya huyo nitakayekaa naye, maana wa pembeni yangu huwa hakosi kulia."

"Mama, na kama nikipiga kwa namna nyingine?"

"Namna gani nyingine?"

"Namna yangu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Piga utakavyo, mwanangu. Lakini ukifika pale pa kusubiri, usiharakishe. Pale ndipo dada anaporudi."

*

Kibao kimoja cha piano kilikuwa kikikwama, kwa hiyo siku ambayo baba mkubwa alikwenda kliniki ya macho nilimwita fundi. Fundi huyu alikuwa akirekebisha sauti za piano hiyo tangu enzi za mama mkubwa, na kila mtu alimwita Sikio, kwa sababu moja lake ni kubwa kuliko jingine na yeye mwenyewe hudai ndilo analofanyia kazi.

"Piano ina mafua," alisema baada ya kugonga vibao vitatu. "Na wewe una nini? Umekonda kama upinde."

"Mtihani, fundi."

"Mtihani haukondeshi. Kinachokondesha ni kufanya mtihani wa mtu mwingine." Nadhani aliongea tu, kama anavyoongea siku zote, akiwa ameshaingiza kichwa ndani ya tumbo la piano. Lakini nilikaa chini.

Alitengeneza kibao, akalinganisha nyuzi, kisha akaketi kwenye kiti cha piano kujaribu. Kiti kikalia chini yake. Kilikuwa kiti cha zamani chenye mfuniko wa kufunguka, kisanduku kirefu ambamo wapigaji huhifadhi karatasi zao. Lakini hiki hakikufunguka. Sikio alikipapasa pembeni. "Nani amepigilia misumari hapa? Huu si ufundi, hii ni hasira." Kabla sijamzuia alikwisha kutoa koleo.

Ndani hamkuwa na kitu ila sonata. Ilikuwa nakala ya piano, ile ambayo baba mkubwa aliisomea wakati bado anaona. Niliitoa kwa mikono miwili, nikafungua sehemu ya pili na kuhesabu vipimo kwa kidole. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja kilikuwa kipimo cha mwisho cha ukurasa wa kulia, chini kabisa. Baada yake palikuwa na ukingo tu. Kona ya ukurasa huo ilikuwa nyeusi kwa jasho la vidole, imechanika na kubandikwa gundi mara tatu au nne, laini kama kitambaa.

"Aa, pale," Sikio alisema akichungulia juu ya bega langu. "Mzee wako alikuwa hataki mtu wa kumgeuzia karatasi, hata kwa dawa. Siku moja walimletea mwalimu wa kwaya, kijana mstaarabu, akamteremsha jukwaani watu wakiona. Anageuza mwenyewe. Na anavyogeuza sasa, taratibu, kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Na Bibiye kasimama zake na upinde hewani, anamsubiri, uso umetulia kabisa, kama vile ndivyo ilivyoandikwa. Watu wanalia." Alitikisa kichwa. "Mimi nilikuwa nabana kicheko."

Nilicheka pia. Nilicheka hadi ilinibidi niweke karatasi chini. Kurasa kumi na nne za insha, na mtunzi aliyeogopa, na yule anayediriki kusikia. Kumbe ni mzee mmoja mkaidi na kona ya karatasi. Sikumbuki ni wakati gani kicheko kiligeuka. Sikio aliacha kukusanya vyombo vyake, akanipa kitambaa alichokuwa akifutia vibao, akatoka nje kusubiri lifti ya rafiki yake bila kusema neno, jambo ambalo si kawaida yake.

Nilipobaki peke yangu nilitafuta kaseti ya mama mkubwa na mumewe wakiipiga sonata hiyo. Ilirekodiwa katika ukumbi wa shule, na tangu nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili nililala nikiisikiliza, kila siku, mpaka redio ilipokufa. Baba mkubwa alikuwa bado na redio yake. Niliweka sikio karibu kabisa na spika. Kipimo cha arobaini. Viola inashuka, inanyamaza. Hesabu ya kwanza, ya pili, na kisha, mbali, nyuma ya kukohoa kwa mtu, mchakacho mwepesi, mkavu, wa kitu kinachojigeuza upande.

Sikio langu ndilo lililokuwa likiuleta. Lilikwisha kuuzoea ukimya huo ukiwa na karatasi ndani yake, na kila ulipokuja bila karatasi, lenyewe liliiongeza. Nilipata jibu, na jibu lilikuwa la kawaida kabisa. Lakini kesho yake, tulipofika pale, mchakacho ulikuja kama kawaida, uso wa baba mkubwa ukainuka, macho yake yakatua shubiri moja juu yangu, na kujua hakukunisaidia chochote. Nilijihisi kama mtu aliyesimama mlangoni mwa chumba cha watu wawili.

*

Nilimwambia siku nne kabla ya mtihani. Sikuwa na ujasiri wa kutamka, kwa hiyo niliiweka nakala ya piano mbele yake, juu ya vibao, nikaufungua ukurasa, nikachukua mkono wake na kuuweka kwenye kona.

Vidole viliitambua kabla yake. Niliviona vikisimama.

"Nani amefungua kiti?"

"Fundi Sikio."

"Angeitwa Fundi Mkono." Hakuondoa vidole. "Hata hivyo. Umeona."

"Nimeona, baba mkubwa. Ule ukimya ulikuwa wa kugeuza karatasi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mama mkubwa aliandika 'subiri' kwa sababu ulikuwa unachelewa."

Aligeuza kichwa. "Aliandika?"

Nilishangaa. Miaka ishirini na miwili walipiga pamoja, naye hakuwahi kuiona karatasi ya mwenzake. Yeye alikuwa na yake, mke ana yake, migongo ya karatasi ikitazamana. Nilimletea. Alipitisha kidole mahali nilipomwonyesha, ingawa penseli haina kina na hakuna alichoweza kukihisi. Nikamsomea. "Subiri. Na nukta."

"Na nukta," alisema.

Nje, mashine ya kuchomelea iliwaka, ikazima. Kidole kikiwa bado juu ya karatasi, alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, akiielekeza kwenye piano.

"Ule ukurasa ningeweza kuugeuza kwa nusu hesabu. Mara ya kwanza kabisa nilichelewa kweli, vidole vilikuwa vikavu. Nikainua macho kumwomba radhi, nikamkuta ananitazama. Wewe unapiga, unajua. Mtu akiwa ndani ya muziki hana nafasi ya kutazama mtu. Macho yake siku zote yalikuwa kwenye karatasi, au yamefumba. Lakini pale hakuwa na la kufanya. Alinitazama mpaka nilipomaliza." Kidole chake kilihamia kwenye kona nyeusi. "Tangu siku hiyo nikawa nachelewa."

"Makusudi?"

"Makusudi. Na mtu wa kugeuza nikamkataa kwa sababu hiyo. Watu wakasema mzee mkaidi. Nikawaacha waseme. Nikadhani siri ni yangu peke yangu, yeye anadhani mume wake ni mzito wa mikono, ananivumilia." Kidole chake kilirudi kwenye neno asiloliona. "Kumbe aliandika."

"Labda naye alijua," nilisema.

"Labda. Au labda alinivumilia tu." Alitabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa gumu kulitazama. "Jibu la hilo alikwenda nalo."

Nilikuwa nimekuja kumpokonya kitu, nikiwa na ukweli wangu mkononi kama polisi mwenye hati, na badala yake nilikuta kitu kile ni kikubwa kuliko nilivyodai kwenye insha yangu, na si cha aina niliyodai. Haukuwa ukimya wa muziki wala wa msanii mbele ya mtunzi aliyeogopa. Ulikuwa wa mume na mke, waliojificha mbele ya watu mia mbili, ukumbi umejaa.

"Nikisimama pale," nilisema, "sina mtu wa kumtazama. Na wewe hunitazami mimi."

Hakukana. Aliinua uso, nikaona ukianza kwenda pale pake pa kawaida, kisha ukasita njiani, ukarudi chini. "Jaribu kupita," alisema.

Tulijaribu mara sita. Nilipumua kwa sauti penye hesabu moja ya mtunzi nikaingia, na kila mara viola ilijikuta peke yake, ikitembea mbele kama mtu aliyevuka barabara akidhani mwenzake yuko nyuma yake. Mikono ya baba mkubwa ilibaki hewani. Aliiamuru, haikusikia. Mara ya sita alifunga mfuniko wa piano.

"Haijui kupita pale," alisema. "Miaka yote hii haijawahi kupita."

Mhadhiri alipopata habari alinipa mpiga piano wa idara, mtu hodari, anayesoma karatasi yoyote kwa kuitazama mara moja. Nilimshukuru nikakataa. Sikutaka kumkimbia marehemu kwa kumkimbia aliye hai.

Siku mbili zilizobaki hatukupiga. Nilikaa chumbani kwangu bwenini na kuinakili sehemu ya viola kwa mkono wangu, noti kwa noti, kwenye karatasi mpya, bila alama hata moja ya penseli. Nilipofika kipimo cha arobaini na moja niliandika pumziko la hesabu moja, kama alivyoandika mtunzi, na nikashangaa jinsi lilivyokuwa dogo. Karatasi za mama mkubwa nilizipeleka kwa baba mkubwa. Niliifungua ile nakala ya piano mahali penye kona nyeusi, nikaulaza ukurasa wa mama mkubwa wenye neno lile juu ya ukurasa huo, uso kwa uso, nikazirudisha ndani ya kiti. Sikupigilia misumari.

Alinisikia. "Umeamua?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, baba mkubwa."

"Ukiamua, sema. Usiniachie pumzi peke yake, kesho nitakuwa na woga, naweza kuikosa. Na kichwa chako siwezi kukiona kikiinama." Alipapasa fremu ya mlango. "Lolote litakalokuwa, sema kwa sauti."

*

Ukumbi wa idara una viti mia na ishirini, na asubuhi ile nusu yake ilikuwa imejaa. Sikio alikuwa nyuma, amevaa koti. Mama alikaa mstari wa tatu, leso moja imeshafunguliwa. Wajumbe watatu wa jopo walikuwa kwenye meza ndefu, mhadhiri wangu pembeni akiwa na kikombe chake. Nilimshika baba mkubwa mkono nikampeleka kwenye piano; alihesabu hatua kwa midomo, akaketi, akapapasa vibao vya mwanzo na vya mwisho kama mtu anayehakikisha kwamba mezani hapajapungua kitu.

Nilisimama mahali pangu. Nilipaka upinde utomvu mkavu, ule unaoufanya ushike nyuzi, mara tatu, ingawa ulikuwa tayari. Niliweka karatasi yangu nyeupe kwenye stendi, nikaona mhadhiri akiitazama.

"Kabla hujaanza," alisema mwenyekiti wa jopo, mzee mwenye sauti ya upole, "una lolote la kutueleza kuhusu uamuzi wako?"

Nilimtazama mama. Alikuwa akinitabasamia kwa namna ambayo hutabasamu akiwa kituoni anamngoja mgeni, macho yake yakinipita kidogo. Nilitaka kumwomba radhi, na nilijua kwamba nikianza kwa radhi sitamaliza. Nyuma yangu piano ilikuwa kimya. Palikuwa na ubaridi mdogo juu ya kichwa changu, shubiri moja hivi, pale palipozoea kuwa na mtu.

"Ndiyo," nilisema.

Nilimgeukia baba mkubwa; alikuwa akiifuata sauti yangu. Uso wake uliinuka, ukatafuta, na macho yale meupe yakaja taratibu hadi yakatua mahali sauti ilipotoka, usoni pangu. Yakakaa hapo.

Nikasema kwa sauti, ili asikie yeye kwanza, kisha wengine wote.

"Katika sehemu ya pili, kipimo cha arobaini na moja, wengi wenu mmezoea kusikia ukimya mrefu. Ukimya huo una wenyewe wawili, na mimi si mmoja wao. Leo sitasubiri."